Umeuliza kwa Wajomba?

Mabano mawili ya mraba yalitazamana kwenye kioo cha kompyuta, na kati yake hapakuwa na kitu. Zam aliyaangalia kama mtu anayeonyeshwa viganja viwili vitupu na mwenzake anayetaka kuaminiwa. Zana ilikuwa imemaliza kazi kwa sekunde nne. Haikulalamika, wala haikuandika kosa kwa maandishi mekundu. Ilijibu kwa kijani, rangi ya mambo yaliyokwenda sawa: nimeuliza, nimejibiwa, hakuna.

Ilikuwa Jumatano asubuhi, jijini Arua, katika ofisi ya vyumba viwili juu ya duka la vitambaa. Huko Zam alitunza mifumo ya kompyuta ya zahanati na vyama vya wakulima, na zana hiyo ndiyo iliyokuwa mkono wake wa kulia. Unaiandikia faili fupi la maagizo, nayo inakwenda kwenye zile seva za mbali ambazo watu wamezoea kuziita wingu, inabisha hodi, inauliza. Hapa kuna hifadhidata zipi? Majina yao nani? Zinakaa anwani gani, ziko macho au zimelala, zilizaliwa lini? Kisha inarudi na majibu bila kugusa kitu cha mwenyewe, kama mtoto aliyetumwa na mama mkali. Zam aliipenda kwa adabu yake hiyo. Haikuchoka, haikusahau, haikupendelea.

Na sasa ilikuwa inamwambia kwamba miaka ishirini na minane ya baba yake haipo.

Simu ilimfikia jana yake, kutoka Koboko. Mpigaji alikuwa Isa, mwenyekiti wa kamati ya maji ya mtaa wao, mtu wa salamu ndefu. Safari hii salamu zilikuwa fupi.

"Dada, kisima cha Concy kimetushinda. Vijana walikuwa wanatoa mabomba wabadilishe raba, koleo la kuyabana likateleza, yote yakaanguka ndani. Yote."

"Baba alikuwepo?"

"Hatukumwita. Tulisema mzee apumzike." Isa alikohoa. "Sasa tumemwita. Anasema kisima ni mita sitini na mabomba ni kumi na manne. Tumeshusha ndoana siku mbili kwa hesabu hiyo, haishiki kitu. Ijumaa watu wa maji wa wilaya wanakuja. Wakikuta hatujui tunachotafuta, wanaziba kwa saruji."

"Na Baba anasemaje?"

"Kumi na manne. Kila ukimuuliza, kumi na manne." Akashusha sauti. "Usinielewe vibaya, dada. Mzee ni wetu sote. Lakini wapo wanaosema kichwa chake kimeanza kuvuja."

Zam alishukuru, akakata simu, akakaa na neno lile. Alijua kwamba zamani lisingesemwa. Zamani mtu angebisha, na baba yake angeingia ndani, angetoka na daftari.

*

Swaibu alianza kutengeneza pampu za visima kabla Zam hajazaliwa. Juma alilovuta maji mara ya kwanza bila msimamizi ndilo juma mkewe alilojifungua, naye akamwita mtoto Zamzam, kwa jina la kisima cha Maka. Kiswahili chake kilikuwa cha kambini, urithi wa baba aliyekuwa askari: kwake kila kitu kilikuwa "iko", kiwe kisima, awe mtu, iwe huzuni. Zam alisomea stashahada akajua sarufi, lakini hakuwahi kuthubutu kumsahihisha. Aliona ingekuwa kama kumrekebisha mtu namna anavyotembea.

Kila kisima alichokifungua Swaibu alikiandika. Idadi ya mabomba, kina, tarehe, raba iliyokufa. Na kwa kuwa karatasi ilikuwa yake na wino ulikuwa wake, aliandika na mengine aliyoyaona siku hiyo. Madaftari saba yalijaa hivyo, yakinuka grisi, kurasa zake zikiwa na alama za vidole vyeusi.

Mwanzoni mwa mwaka 2020 Zam alimwomba hayo madaftari kwa ajili ya mradi wake wa chuo. Yeye na mwenzake Prossy walikaa wiki sita katika maabara ya kompyuta mjini Arua. Zam akisoma kwa sauti, Prossy akichapa. Walipata alama nzuri. Mwezi wa tatu vyuo vikafungwa ghafla kwa sababu ya korona, na Zam akarudi Koboko na begi moja, akidhani ni mapumziko ya wiki mbili. Aliporejea bwenini baada ya miezi saba, sanduku la chini ya kitanda lilikuwa limejaa udongo mwembamba mwekundu. Mchwa walikuwa wamekula hata gundi.

Alikwenda kumwambia baba yake, machozi yakiwa tayari. Swaibu alimsikiliza mpaka mwisho.

"Mchwa naye anataka kusoma," alisema, akaenda kunawa mikono.

"Lakini yote yamo kwenye wingu, Baba. Huko hakuna mchwa."

"Sawa, mama."

Hayo tu. Hakumgombeza siku hiyo wala siku nyingine. Lakini hakununua daftari tena. Tangu wakati ule alifanya kazi kwa kichwa na mikono, na kila mara Zam alipomwona akirudi kutoka kisimani, akiweka begi la spana ukutani bila kwenda mezani kuandika, alikumbuka ule udongo mwekundu. Wapo watu wanaokulaumu kwa maneno, ukalia, yakaisha. Swaibu alikuwa ameacha tu kuandika.

Ndiyo maana asubuhi ile, kabla ya kuandika maagizo, Zam alimpigia Santino, mwalimu wake wa zamani.

"Akaunti ya darasa iko wazi mpaka mwisho wa mwezi," Santino alimwambia. "Ufadhili ulikuwa wa miaka mitano, sasa unakwisha. Mimi sikufuta kitu cha mtu. Kama uliweka, kipo. Nakutumia ufunguo."

Ufunguo ulifika. Zana ikatumwa. Mabano yakarudi, matupu. Aliituma mara ya pili na ya tatu, kama mtu anayetafuta miwani mahali palepale alipokwisha tafuta. Halafu akafunga kompyuta, akaitia begini, akaomba ruhusa ya siku mbili. Habari ya namna hiyo haipelekwi kwa simu.

*

Alimkuta baba yake amelala kifudifudi kando ya kisima, kanzu imekunjwa mpaka magotini, mkononi ameshika kipande cha kioo. Alikuwa akilitega jua, akikigeuza kidogo kidogo mpaka mwale wake ukaingia katika tundu la kisima. Nyuma yake walisimama Isa na wanaume wanne wa kamati. Mbali kidogo, kwenye kivuli cha ukuta, Concy mwenyewe alikaa juu ya jerikeni tupu. Kisima kiliitwa kwa jina lake kwa sababu ndiye aliyekuwa na ufunguo wa pampu kwa miaka mingi. Kwa mtaa huo kila kisima kilikuwa cha mwanamke fulani, hata kama wilaya ilikipa namba.

"Naona jua tu," alisema Swaibu bila kugeuka. "Mvua imepandisha maji. Bomba iko chini ya maji, haitaki kuonekana."

"Labda imekwenda Kongo," alisema Concy. "Mutu yeyote akichoka hapa anavuka."

Wanaume walicheka. Swaibu naye alicheka, lakini Zam aliona jinsi alivyonyanyuka: goti moja, mkono, kusubiri, goti la pili.

"Hesabu ni ndogo," alimweleza bintiye, kana kwamba ndiye aliyekuja kukagua. "Kisima mita sitini. Bomba moja mita tatu. Bomba kumi na nne ni mita arobaini na mbili. Imesimama chini pale, kichwa yake iko wapi? Mita kumi na nane. Tunashusha ndoana kumi na nane, inacheza ndani ya maji kama samaki. Haishiki."

"Pengine kina si sitini," alisema Isa kwa upole.

"Kina tumepima kwa kamba. Wewe ulishika kamba."

"Basi pengine si kumi na manne, mzee."

Swaibu aliitazama mikono yake, akaifungua na kuifumba. "Kumi na nne nimeweka mimi, kwa mkono hii. Nafunga moja moja."

Hakuna aliyemjibu, na kule kutojibiwa kulimuuma Zam kuliko kama wangebisha. Walimwacha na namba yake jinsi mgonjwa anavyoachiwa neno la mwisho. Mmoja akaanza kukunja kamba. Isa alimgeukia Zam kwa macho yaliyouliza, naye Zam akashindwa kuyatazama.

*

Nyumbani, barazani, alimmiminia baba yake chai, akasubiri anywe nusu.

"Baba, nimetafuta madaftari kule kwenye wingu. Hayapo."

Swaibu aliweka kikombe chini. Hakuonekana kushtuka, alionekana kama mtu aliyeambiwa bei ya kitu ambacho hakuwa na nia ya kukinunua.

"Umeuliza nani?"

"Zana yangu. Ile ninayofanyia kazi. Inauliza wingu lenyewe."

"Wingu ya mvua mimi najua. Hii yako iko wapi?"

Zam alitaka kusema "kila mahali", jibu la watu wa fani yake, akaona haliwezi kupita mbele ya fundi wa visima. "Ni nyumba kubwa zenye kompyuta nyingi. Ziko nchi mbalimbali. Kila sehemu inaitwa kanda. Darasani tulifundishwa kutumia kanda moja, ya Ulaya. Hapo ndipo nilipouliza."

"Kanda moja."

"Ndiyo. Darasa zima lilitumia hiyo hiyo."

Swaibu alichota sukari ambayo hakuihitaji, akakoroga.

"Mwaka tuliorudi kutoka uhamishoni, mimi bado kijana. Kaka yangu Tahiru hakurudi na sisi. Watu ya baba walisema amekufa. Wameuliza kila nyumba ya ukoo, hakuna. Tukalia. Mbuzi ikachinjwa. Halafu mama yangu alikuwa ndani, amenyamaza siku mbili, akatoka, akasema: kwa kaka zangu mmeuliza?" Alitabasamu. "Hakuna mutu ameuliza. Tunaenda ng'ambo ya mpaka ya Vurra, kwa wajomba. Tahiru iko. Anachunga mbuzi, amenenepa, ametuuliza kwa nini tumenyoa vichwa."

Zam alicheka ingawa hakutaka.

"Kwetu maiti haizikwi mjomba hajafika. Watu wanafikiri ni kwa ajili ya heshima tu. Mimi nasema ni kwa ajili ya kuhakikisha." Swaibu alimsogezea kompyuta kwa ncha ya kidole, kama kitu kinachoweza kumwagika. "Kwa wajomba umeuliza?"

Kwa miaka mitatu Zam alikuwa akiwatumikia wateja kwa zana ile, na hakuna siku ambayo ilimrudishia swali. Ulichouliza ndicho ilichojibu. Ukiituma kwenye nyumba moja itakuambia kwa unyofu kwamba humo hamna mtu, na haitaongeza: lakini jirani je? Udadisi wa shangazi haikuwa nao. Hilo alilijua, hata wanagenzi aliwafundisha. Kwa nini basi asubuhi ile aliyaamini mabano haraka hivyo? Alijiuliza akiwa anafungua faili la maagizo, na jibu lilimjia likiwa chungu: kwa sababu alikuwa akitarajia kuadhibiwa. Miaka mitano alingoja alipie madaftari yale, na mabano matupu yalipotokea, aliyapokea kama hukumu iliyochelewa.

Aliongeza mistari mitatu. Kwanza uliza akaunti hii imefungua kanda zipi. Kisha, kwa kila moja, rudia swali lile lile. Simu yake ilimpa mtandao wa kusuasua. Majibu yalianza kushuka polepole. Ulaya, tupu. Ulaya ya pili, tupu. Amerika, tupu, tupu. Asia, tupu. Swaibu alikuwa ameegemea mbele, hasomi, anasikiliza tu jinsi bintiye anavyopumua.

Mstari wa mwisho haukuwa na mabano matupu.

*Jina: visima-koboko. Hali: inapatikana. Ilianzishwa: Januari 2020. Kanda: Bahareni.*

Na chini yake anwani, ndefu, nzima, kama mtu aliyekuwa amekaa mlangoni miaka yote akingoja aitwe.

"Iko," alisema Zam. Alishangaa kusikia neno la baba yake likitoka kinywani mwake.

"Kwa wajomba?"

"Bahareni."

"Hao wajomba gani?"

Hata yeye hakujua. Kanda ile haikuwa ya zile zinazofunguka zenyewe. Ilihitaji mtu aitafute kwenye orodha na kuifungua kwa mkono wake. Siku ya kuianzisha hifadhidata, aliyekuwa amekaa kwenye kibodi hakuwa yeye. Alimpigia Prossy, ambaye siku hizi alikuwa na duka la vifaa vya simu huko Inde.

"Prossy, ulituweka Bahareni?"

Kelele za soko zilisikika, halafu mlango ukafungwa, zikapungua.

"Mlikuwa mnatafuta?" sauti ya Prossy ilikuwa ndogo. "Nilidhani utagundua kesho yake. Hukugundua, nikaona haya."

"Kwa nini kule?"

"Mama alikuwa huko, anafanya kazi kwenye nyumba za watu. Si unakumbuka? Wiki tatu alikuwa hajapiga simu. Nikafungua ile orodha ya kanda nikaona jina la mahali alipo, limeandikwa pale kama mahali pa kawaida tu. Nikasema, acha kazi yetu ikae karibu naye." Alicheka kidogo, cheko la aibu. "Ujinga wa mtoto."

"Alipiga?"

"Alipiga Jumapili yake. Sasa amerudi, yuko hapa nyuma ananikaangia mihogo. Anakusalimu."

Zam alimsalimu mama wa Prossy, akakata simu, akakaa akiitazama ile anwani. Miaka mitano visima vya Koboko vilikuwa vimelala katika nchi ya joto na mchanga, kwa sababu msichana mmoja alimkumbuka mama yake. Alimweleza baba yake. Swaibu alitikisa kichwa taratibu.

"Basi ni kwa mama," alisema. "Nimekuambia."

*

Jua lilikuwa linashuka alipofanikiwa kubadilisha nenosiri na kuingia. Swaibu alikuwa uani akitawadha kwa ajili ya magharibi. Maji yalidondoka kutoka kwenye birika kwa mpangilio. Zam alitafuta kisima cha Concy. Mistari kumi na mmoja, miaka kumi na miwili ya matengenezo. Safu moja ya namba, safu ya tarehe, na ile safu ya mwisho ambayo yeye na Prossy waliiita "maelezo" kwa kukosa jina jingine.

*Mabomba 14. Raba mbili. Concy amenipa karanga.*

*Mabomba 14. Mnyororo mpya. Concy amefiwa na shemeji, tumefanya kazi bila kucheka.*

*Mabomba 14. Raba moja. Zam ameugua malaria, nimemaliza mapema.*

Maneno hayo yote aliyasoma kwa sauti yake mwenyewe katika maabara ile, wiki sita, mbio mbio, ili Prossy achape. Aliyapitisha kinywani bila kuyaonja. Sasa aliyasoma moja moja, na mstari wa kumi na mmoja, wa mwisho, ulimfanya aondoe mkono kwenye kibodi.

*14 Februari 2018. Mabomba 17. Kiangazi imeshusha maji, Igga ameongeza tatu. Mimi sikuwepo. Nimempeleka Zam chuo.*

Igga alikuwa fundi mwenza wa baba yake. Alifariki mwaka uliofuata, na hapakuwa na mwingine wa kuulizwa.

Swaibu alirudi kutoka kuswali, akaketi. Zam alikuwa na maneno mengi tayari, na yote yalikuwa ya kumlinda. Aliyaacha. Aliigeuza kompyuta ikamtazama mzee, akaweka kidole chini ya mstari.

Swaibu alisoma bila kutikisa midomo. Alisoma kwa muda mrefu kuliko urefu wa maneno.

"Ile siku mvua ilitupiga njiani," alisema hatimaye. "Ya ghafla, katikati ya kiangazi. Sanduku yako ya bati ilikuwa juu ya gari, haina turubai. Mimi njia yote nafikiri: shuka ya huyu mtoto imelowa, atalala wapi. Nimekuacha pale, nimerudi, bado nafikiri shuka." Aligusa kioo, akaacha alama ya unyevu. "Igga amekuja jioni, ameniambia bomba tatu. Nimeandika. Lakini kisima hii haijaharibika tena mpaka juzi, mkono yangu haijashika."

"Kwa hiyo hukusahau, Baba. Hukuwepo."

"Nimesahau. Usinisafishe." Alisema bila hasira. "Siku tatu nasimama mbele ya watu nasema kumi na nne kama mtu anaapa. Nimesahau, mama." Kisha akaongeza, akiangalia nje ambako giza lilikuwa bado halijakubaliana na mchana: "Sanduku ndiyo sikusahau."

Zam alitaka kusema jambo kuhusu madaftari, neno alilolibeba miaka mitano. Lilikuja mpaka kwenye meno, na lilipofika pale akaona halina tena uzito aliokuwa akiupima. Alimmiminia chai badala yake. Walikunywa ikiwa vuguvugu.

*

Alhamisi saa mbili asubuhi kamati nzima ilikuwa kisimani, na wanawake kama ishirini na jerikeni zao. Zam alikuwa amekwisha kunakili kila mstari kutoka Bahareni na kuuweka mahali pengine ambapo funguo zake alizijua. Alisimama nyuma. Njiani alikuwa amejitolea kuzungumza yeye, na Swaibu alimjibu kwamba kinywa kilichosema kumi na nne ndicho kitakachosema lingine.

"Isa," aliita. "Wote mnisikilize. Mimi nimekosea. Bomba si kumi na nne, ni kumi na saba. Marehemu Igga ameongeza tatu, mimi nilikuwa Arua. Kichwa iko mita tisa."

Isa alimwangalia Zam. Mmoja wa wanakamati aliguna. Zam alilisikia guno hilo likipita kama inzi. Ikiwa ndoana itacheza tena kama samaki, guno ndilo litakalobaki, na kesho saruji juu yake.

"Mita tisa," alisema Isa. "Shusheni."

Swaibu mwenyewe alishika kamba. Alipiga alama kwa vidole, mita kwa mita, akasita kwenye saba, akaenda taratibu kwenye nane. Kwenye tisa alifumba macho. Aliuzungusha mkono kidogo kulia, kidogo kushoto, kama mtu anayetafuta tundu la ufunguo katika nyumba ambayo wengine wamelala. Kamba ikatetemeka, ikakaza.

"Shikeni na mimi," alisema, na sauti yake haikupanda.

Wanaume sita walivuta. Bomba la kwanza lilitoka likitiririka maji ya rangi ya chai, likafungwa koleo, safari hii mara mbili. Swaibu alipitisha kidole kwenye kiungo chake. Palikuwa na uzi wa katani, umezungushwa kwa mkono wa kushoto.

"Igga huyu, mashoto yake," alisema kwa sauti ya chini, kama anayemsalimu mtu mlangoni.

"Sasa nakumbuka ile siku," alisema Concy, aliyekuwa amesogea na jerikeni yake. "Ulipita hapa na mtoto na sanduku, umevaa koti. Mzee, siku ingine ukipeleka mutu chuo, kwanza utuambie tuhesabu sisi."

Walicheka wote, hata yule aliyeguna. Isa alimpa Swaibu kitambaa cha kujifutia. Alikishika kwa mikono miwili alipompa.

Ilipofika saa sita mabomba yote kumi na saba yalikuwa yamelala majanini, mawili yameliwa na kutu, na vijana walikuwa wakifunga raba mpya kwa maelekezo ya Swaibu. Yeye alikuja pale alipokuwa bintiye, akachuchumaa, maji yakimdondoka viwikoni.

"Toa simu," alisema. "Andika."

Zam alifungua ukurasa mtupu.

"Mabomba kumi na saba. Mbili mbovu, zimebadilishwa. Raba tatu. Kichwa ilikuwa mita tisa." Aliwaza. "Concy amesema maneno mengi."

"Niandike hivyo?"

"Andika hivyo hivyo. Usiweke Kiswahili yako."

Aliandika neno kwa neno. Kisha akabonyeza kitufe cha kutuma, na kaduara kadogo kakaanza kuzunguka katikati ya kioo, mtandao ukisuasua. Jua lilikuwa kali, hakuona vizuri kama maneno yamefika au la. Swaibu alisogea karibu zaidi na kuweka kiganja chake kilicholowa juu ya simu, kiwe kivuli, na wote wawili wakainama chini yake wakingoja.